Mjane aliyekosa barua ya mtaa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dodoma

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya maafisa ustawi wa jamii, wauguzi, watendaji wa mitaa, askari wa dawati la jinsia na wasaidizi wa kisheria, hasa wa kanda ya kati. Kinamhusu mama mmoja aliyekaa bila makao ndani ya Jiji la Dodoma kwa zaidi ya nusu mwaka. Katika muda huo alipita karibu kila ofisi ambayo huwa tunamwambia mtu mwenye shida aende. Nyingi zilimpa kitu: ushauri, karatasi, nauli, dawa. Hata hivyo aliendelea kulala nje, na ndiyo sababu nimeona kisa chake kinafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Nimemsikiliza kwa ridhaa yake, na nimezungumza pia na baadhi ya waliomhudumia. Jina, kijiji, mtaa na majina ya vituo nimeyaondoa, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Hapa tutamwita Bi. M.

Usuli

Bi. M. ana miaka thelathini na kitu. Amezaliwa katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Dodoma na amesoma hadi darasa la saba. Aliolewa kimila. Ng'ombe wa mahari walitolewa lakini hawakutimia, na kutotimia huko kulikuja kuzungumzwa sana baadaye, tena na watu walewale ambao hawakuwatimiza.

Yeye na mumewe walihamia mjini Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, baada ya tangazo la 2016. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, lakini ni kipindi hiki cha karibuni, cha Mji wa Serikali wa Mtumba, barabara mpya na nyumba za watumishi, kilichovuta mafundi na vibarua kutoka kila wilaya. Mumewe alikuwa fundi uashi. Bi. M. akawa mama lishe, akiwapikia vibarua ugali, maharage na mlenda kwenye maeneo ya ujenzi.

Walinunua kiwanja pembezoni mwa jiji kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi ilikuwa na jina la mume peke yake. Wakajenga vyumba viwili wakaezeka. Fedha ya bati ilitoka kwenye mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu ambao Bi. M. alicheza na mama lishe wenzake, na hakuna mahali popote ilipoandikwa. Walikuwa na watoto wawili: binti aliyekuwa shule ya msingi na mvulana ambaye hajafikisha miaka 5.

Kisha mume akaugua ghafla, akafariki.

Kutoka nyumbani hadi uwanja wa hospitali

Siku chache baada ya kuanua matanga, ndugu wa marehemu walikaa kikao cha ukoo. Waliamua kwamba nyumba ni ya ukoo, binti abaki kwa bibi yake upande wa baba, na Bi. M. arudi kwao. Alipokataa, shemeji mmoja alimtolea vyombo nje na kubadilisha kufuli, na katika kusukumana Bi. M. alipigwa. Aliondoka na mtoto mdogo, begi moja na sufuria mbili za biashara.

Kwanza alikaa kwa shoga yake katika chumba kimoja cha kupanga. Haikuchukua muda mwenye nyumba akaanza kulalamikia maji na choo, na Bi. M. akaondoka mwenyewe ili shoga yake asifukuzwe. Akahamia sokoni, akilala chini ya meza ya muuza mboga kwa ruhusa ya mlinzi, na alfajiri anafagia sehemu ile. Sokoni kulikuwa na hofu ya mgambo, na hofu kubwa zaidi ya wanaume wanaozunguka usiku. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu bado ina kosa la uzembe na uzururaji, na mtu anayelala nje analijua hilo hata kama hajawahi kuona kitabu cha sheria.

Mahali alipodumu zaidi ni uwanja wa hospitali. Ndugu wa wagonjwa waliotoka wilayani hulala pale, kwenye varanda na chini ya miti, na hakuna anayemshangaa mwanamke mwenye kanga, beseni na mtoto. Bi. M. alinieleza kwamba alitembea na chupa ya chai hata ikiwa tupu, na saa ya kuona wagonjwa ikifika aliinuka na kwenda na wenzake upande wa wodi ili walinzi wasimuulize. Ilikuwa Juni na Julai, na anayeijua Dodoma anaujua upepo wa miezi hiyo. Mtoto akaanza kukohoa.

Milango aliyoigonga

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa amehudhuria mazishi, aliijua familia, na alijua Bi. M. ni mke wa marehemu. Akasema hili ni jambo la ukoo, wakae wayamalize kifamilia.

Kituo cha polisi kilimsikiliza na kuandika maelezo yake, kisha akaambiwa kwamba suala la nyumba ni madai, aende mahakamani. Hilo la nyumba lilikuwa sahihi. Lakini alikuwa amepigwa, na hakupewa PF3, fomu ya polisi anayopewa aliyepigwa ili atibiwe na majeraha yake yaandikwe, kwa sababu aliulizwa kuhusu nyumba tu, naye akajibu alichoulizwa.

Mahakamani, karani alimwambia alete cheti cha kifo, barua ya mtaa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari ulikuwa mikononi mwa shemeji aliyembadilishia kufuli. Barua ya mtaa akaifuata mtaa aliokuwa akilala wakati huo, wakamwambia hawamtambui. Hakurudi tena mahakamani.

Nyumba salama moja ilimweleza kwa upole kwamba inapokea manusura wa ukatili walioletwa na polisi au ustawi wa jamii, na yeye hakuwa na karatasi inayosema hivyo. Karatasi hiyo ingetokana na PF3 ambayo hakupewa.

Uamuzi wa kumrudisha kwao

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye uamuzi ambao wengi wetu tungeufanya.

Ofisi moja ya ustawi wa jamii ilimpokea vizuri. Afisa alimsikiliza, akajaza fomu, akampigia simu kaka yake kijijini. Kaka akasema dada yake karibu. Ofisi ikatafuta nauli, ikaandika barua kwa mtendaji wa kijiji, Bi. M. akapanda basi na mtoto. Faili likafungwa kwa maneno kwamba mteja ameunganishwa na familia.

Sababu za uamuzi huo zinaeleweka. Ofisi haikuwa na fungu la kumpangishia mtu chumba. Familia ndiyo bima ya watu wetu tangu zamani. Tena katika kazi yetu tumezoea kuwarudisha watoto wa mitaani kwao, na utaratibu wake upo, una fomu na una hatua. Kwa mtu mzima asiye na makao utaratibu wa namna hiyo hatuna, kwa hiyo mkono unakwenda palepale ulipozoea.

Lakini katika simu ile hakuna aliyeuliza kaka ana vyumba vingapi, chakula cha mwaka huo kikoje, wala wifi anasemaje. Mvua zilikuwa hafifu, ghala lilikuwa na debe chache za uwele, na nyumba ilikuwa tayari na watu wengi. Kulikuwa na jambo zito zaidi. Wakwe walishatuma neno kwamba, kwa kuwa mahari haikutimia, Bi. M. akirudi kwao ndoa imekwisha, na mtoto mdogo naye watamfuata wamchukue. Kwa wazee wa kijiji kurudi kwake kulisomeka kama kukubali uamuzi wa ukoo. Bi. M. alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alinambia hakulisema ofisini kwa sababu aliulizwa kwao ni wapi, hakuulizwa kama anaweza kukaa huko.

Baada ya wiki kadhaa alirudi Dodoma mjini. Alipofika tena katika ofisi ileile alipokelewa kama mtu aliyesaidiwa akakataa msaada. Hakuna aliyemtukana. Aliambiwa tu kwamba tayari alishapewa nauli, na safari hiyo hawana kitu kingine.

Swali la muuguzi

Kikohozi cha mtoto kilipogeuka kuwa nimonia, Bi. M. alimpeleka dirisha la watoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo kwa mujibu wa sera, na kadi ya kliniki alikuwa nayo, akiitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na picha ya mumewe. Dawa moja haikuwepo, akaandikiwa akanunue nje. Hakununua.

Siku ya pili muuguzi alimwona akiwa amekaa palepale alipomwacha jana yake. Wengine walikuwa wamemkemea kwa kutonunua dawa na kwa nguo za mtoto kuwa chafu. Huyu alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, jana mlilala wapi?"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Muuguzi hakumwelekeza kwa mkono kwamba ofisi ya ustawi iko jengo lile. Alimshika mtoto, wakaenda wote wawili, akamweleza afisa ustawi wa hospitali kwa ufupi ili Bi. M. asilazimike kuanza upya. Afisa alifanya mambo matatu siku hiyohiyo: dawa ikapatikana kwa utaratibu wa msamaha, begi likawekwa kabatini ofisini kwake, na Bi. M. akaambiwa ukweli kwamba chumba hakipo leo, wala kesho hakitakuwepo, ila Ijumaa atapewa jibu la ndiyo au hapana.

Nilipomuuliza Bi. M. ni msaada gani anaukumbuka zaidi, nilitegemea ataje dawa au kodi. Alitaja begi. Kwa miezi yote hakuweza kutafuta kibarua kwa sababu hawezi kubeba begi, sufuria na mtoto, na akiviacha vinaibwa. Siku begi lilipofungiwa kabatini ndiyo siku alipokwenda kuosha vyombo kwa mama lishe mwenzake akarudi na fedha ya chakula.

Barua ya mtaa na mirathi

Ijumaa jibu lilikuwa ndiyo. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikubali kulipa kodi ya miezi 3 ya chumba, kwa kuwa wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja. Afisa aliwaomba walipe moja kwa moja kwa mwenye nyumba na wasimwite Bi. M. kusimama mbele ya watu kutoa ushuhuda. Walikubali, na nawashukuru kwa hilo.

Msaidizi wa kisheria ndiye aliyefungua fundo la barua. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini wanaelekeza, wanaandaa nyaraka na wanasindikiza. Huyu alisema barua haihitaji kutoka mtaa anaolala Bi. M. Inatakiwa kutoka mtaa ulioandika jina lake, na huo ni mtaa wa nyumba yake, ambako bado yumo kwenye daftari la wakazi. Wakaenda pamoja na afisa ustawi. Mwenyekiti yuleyule aliyesema ni jambo la ukoo aliandika barua hiyohiyo siku hiyohiyo, kwa sababu safari hii aliombwa kuthibitisha tu kile anachokijua: kwamba Bi. M. alikuwa mke, aliishi pale, na ana watoto wawili wa marehemu. Kuamua ugomvi wa familia kulimwelemea. Kusema ukweli alioushuhudia hakukumwelemea.

Kuhusu msingi wa madai, walifanya uamuzi ambao naona ulikuwa wa busara. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 hazimpi mjane fungu la urithi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Mjane anatazamiwa kutunzwa na watoto. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili wa Kisukuma waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume kwa kanuni hizo. Kumwambia Bi. M. ategemee hoja hiyo peke yake katika Mahakama ya Mwanzo kungekuwa kumpeleka kwenye mto uliofurika. Kwa hiyo msaidizi alitanguliza haki ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki, na mwenye kumlea mtoto yule mdogo ni mama yake. Mchango wa Bi. M. katika bati na ujenzi ukafuata, kwa ushahidi wa mama lishe wawili waliocheza naye mchezo.

Matokeo

Mirathi ilifunguliwa. Shemeji walikuja kupinga, na mahakama ikamteua Bi. M. kuwa msimamizi pamoja na ndugu mmoja wa marehemu. Nyumba wakati huo ilikuwa na mpangaji aliyewekwa na shemeji. Mpangaji bado yumo, ila sehemu ya kodi sasa inapitia kwa Bi. M. kwa matunzo ya watoto. Nyumba yenyewe haijagawiwa.

Mvulana alipona. Bi. M. amerudi kupika, mahali padogo kuliko zamani, na tangu miezi ile 3 ilipokwisha kodi ya chumba anailipa mwenyewe, mara nyingine kwa kuchelewa. Binti bado yuko kwa bibi yake, na mama yake humwona siku ambazo bibi anaruhusu. Afisa ustawi amelifungulia jambo la binti faili lake peke yake ili lisisubiri hukumu ya nyumba.

Uchambuzi

Jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba huduma zetu nyingi zimejengwa juu ya kaya na mtaa. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini huanzia kwenye orodha ya kaya za kijiji au mtaa. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, hupitia vikundi vinavyotambuliwa mahali vilipo. Mahakama inataka barua. Kwa mwenye makao utaratibu huu ni mzuri, unazuia udanganyifu. Kwa aliyetolewa nyumbani, kitu kilekile alichonyang'anywa ndicho anachoombwa akionyeshe ili asaidiwe. Mtaa wa zamani unaweza kutatua hili, na haihitaji sheria mpya. Inahitaji mtendaji kuambiwa kwamba kumthibitishia mkazi wake wa jana si kuingilia ugomvi.

La pili ni namna tunavyouliza. Polisi waliuliza kuhusu nyumba, kipigo kikapotea, na kipigo kilipopotea nyumba salama nayo ikafungwa. Ustawi waliuliza kwao ni wapi, habari ya mahari na mtoto ikapotea. Bi. M. si mtu wa kuficha. Ni mwanamke aliyelelewa kujibu wakubwa kile walichouliza, na mbele ya meza ya ofisi kila mwenye muhuri ni mkubwa. Mwenye wajibu wa kuyapanua maswali ni aliyekaa nyuma ya meza hiyo.

Tatu, kurudia kisa. Kila ofisi ilianza na "eleza tatizo lako", na mtoto akiwa mapajani akisikiliza kifo cha baba yake na kipigo cha mama yake. Kufika mlango wa nne Bi. M. alikuwa ameanza kukifupisha, na kadiri alivyokifupisha ndivyo alivyoonekana mtu mwenye kesi nyepesi. Muuguzi alilitibu hili kwa kutembea hatua chache. Najua mzigo wa wauguzi wetu na sisemi kila mmoja anaweza kuacha wodi, lakini karatasi yenye mistari mitano iliyoandikwa kwa ridhaa ya mteja na kukunjwa ndani ya kadi ya kliniki ingefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kuhusu nauli ya kurudi kijijini, sisemi iachwe. Wapo wanawake ambao kwao ndiko kwenye nafuu kweli. Kilichokosekana ni simu ya pili, ya baada ya wiki mbili, na faili kubaki wazi mpaka simu hiyo ipigwe. Ofisi ilipofunga faili siku ya basi, kurudi kwa Bi. M. kukawa kosa lake. Kama lingekuwa wazi, kurudi kwake kungekuwa taarifa kwamba mpango haukufaa, na mazungumzo yangeendelea.

Msaada wa kanisa ulifanikiwa kwa sababu mbili ambazo hazihusiani na ukubwa wa fedha. Ulikuwa na mwisho unaojulikana, na haukumdai shukrani ya hadharani. Bi. M. aliwahi kupewa unga na nguo na wafadhili wengine akapigwa picha akivipokea, na kwa siku kadhaa baada ya hapo hakwenda sokoni kwa aibu ya kuonwa na wateja wake wa zamani.

Lililoshindikana kabisa ni usiku. Hata afisa wa hospitali, ambaye kwa maoni yangu alifanya kazi nzuri kuliko wote, alimwacha Bi. M. alale kwenye varanda hadi Ijumaa. Hakuwa na mahali pa kumpeleka. Mwanamke mtu mzima mwenye mtoto, asiye na PF3 na asiye mgonjwa, akifika ofisini Ijumaa saa 10 jioni, afisa anabaki na simu yake binafsi na watu anaowafahamu. Afisa huyo sasa ana orodha fupi ya kaya zilizokubali kumpokea mama na mtoto kwa usiku mmoja au miwili, zote zinafahamika kwa mwenyekiti wa mtaa wao. Gharama ya chakula cha usiku huo anaitoa mfukoni mwake, na maombi yake ya kuiingiza kwenye bajeti ya idara bado hayajajibiwa.